Mguu wa Bibi

Leo nimeulizwa swali kazini.

Bibi mmoja wa Lundo amekuwa akimleta mjukuu wake hapa hospitalini Mbinga, kichanga aliyezaliwa na mguu uliopinda. Wiki tano tunamfunga hogo la plasta na kubadilisha. Leo nimelikata la mwisho, mguu umenyooka jamani!

Bibi akaanza kulia.

"Usilie bibi, mtoto haumii."

"Najua, mwanangu."

Akavua kandambili, akapandisha kanga. Mguu wake umepinda vilevile. Maisha yake yote anakanyagia ubavu wa unyayo.

"Na huu wangu mtaufunga wiki ngapi?"

Mwenzangu akacheka, akidhani ni utani, maana mguu wa mtu mzima haunyooki kwa plasta.

Bibi hakucheka. Alishaulaza kitandani, palepale alipolala mjukuu.

Ninyi mngemjibuje?