Treni Ikiondoka, Mashine Imeshiba

Nilikosea siku niliyonunua daftari kwa ajili ya mashine ya kamari. Kucheza kwenyewe kulikuwa upuuzi mdogo tu, wa sarafu mbili tatu, kama walivyocheza vijana wengi wa Bukene. Daftari lilikuwa jambo jingine. Lilimaanisha nimeamua kwamba mashine ile inasomeka.

Mimi ni fundi simu, na sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua simu mbovu nilizopewa bure. Niliua nyingi na kuponya chache, mpaka zinazopona zikazidi zinazokufa. Kujifunza hivyo kulinitia kiburi kibaya. Niliamini kwamba kitu chochote chenye waya na taa kina sababu yake, na sababu hiyo ukiitafuta kwa utulivu utaipata. Halafu mimi ni mtu wa wasiwasi. Skrubu nazipanga kwa urefu. Ukurasa wenye mstari uliopinda nauchana na kuuandika upya, hata kama ni orodha ya vitu vya sokoni.

Mashine ilikuwa kwenye duka la jirani yangu, hatua chache kutoka kituo cha treni. Wenyewe tunaiita dubwi. Unatia sarafu ya mia mbili, unabonyeza picha unayoitaka, tikiti, chungwa, kengele au nyota, na taa inakimbia kuzizunguka picha zote. Ikisimama kwenye yako, mashine inakutemea sarafu. Isiposimama hapo, umeliwa. Nikiwa kwenye meza yangu niliisikia mchana kutwa, na kwa kuwa niliisikia, nikaanza kuiandika.

Nilichokiona ni hiki. Treni ya Mwanza ikisimama, abiria hushuka kunyoosha miguu. Wengine hula, wengine hukimbilia dubwi. Hucheza haraka haraka, sikio moja likiwa kwenye honi, na wengi huondoka wameliwa. Mara mbili, treni ilipokwisha kuondoka, nilimwona mtu wa hapa hapa akikusanya sarafu kwa viganja viwili. Mara mbili tu! Lakini mimi niliandika, tena kwa herufi kubwa: abiria wanaishibisha mashine, kwa hiyo usicheze kabla ya treni; treni ikiondoka ndipo ucheze.

Niliandika na kanuni nyingine, na hizo sizionei aibu mpaka leo. Cheza kwa hela ambayo ungenunulia soda, isizidi. Hela nyingine usije nayo dukani. Ukiliwa, usirudi kuifuata. Ukishinda, toka. Zote zilikuwa za kweli isipokuwa ile ya treni, na ile ya treni niliiweka ya kwanza.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu mzazi, ndiye aliyenilea tangu sijaanza shule. Alikuwa akipika wali na kuku na kuwauzia abiria pale kituoni, na abiria wa njia ile walimjua kwa jina la mama wa wali. Jumapili anaimba kwaya kanisani. Siku moja alikuja kwenye meza yangu akiwa ameshika simu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu itazame hii simu."

"Ina nini?"

"Haina kitu. We inamisha kichwa kama unaitazama, nikuulize jambo." Akasogea. "Nasikia una daftari la lile dubwi."

"Mama! Na wewe unacheza?"

"Nimecheza mpaka chumvi imejaa nyumbani. Kila nikiingia humo lazima nitoke na pakiti ya chumvi, watu wasije wakasema."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Usinihubirie," alisema. "Mahubiri ninayo Jumapili. Nataka kucheza kwa akili. Wewe una akili ya mashine, nifundishe."

Ningeweza kumwambia kwamba mara mbili si ushahidi. Nilijua hivyo, mahali fulani moyoni. Lakini huyu ndiye aliyenishika mkono nikiandika herufi zangu za kwanza, na sasa alikuwa ananiita mwenye akili. Nilimnakilia kanuni zote kwenye karatasi safi. Niliinakili mara mbili, kwa sababu ya kwanza ilidondokewa na wino.

Sikufikiria mama mdogo anakuwa na nini mkononi saa ile treni inapoondoka. Zamani alikuwa akicheza asubuhi, kabla hajauza kitu, kwa sarafu mbili alizookota mezani. Kanuni yangu ilimhamisha. Ilimpeleka mbele ya dubwi saa ile ile ambayo mauzo yote ya siku, pamoja na hela ya kuku na mchele wa treni inayofuata, yako kwenye pindo la kanga yake.

Wiki ya kwanza alishinda. Aliniletea paja la kuku kwenye sahani iliyofunikwa.

"Kula, mwalimu."

Nikala.

Siku chache baadaye alikuja fundi kutoka Tabora mjini, yule anayeshika funguo za mashine hizi. Alipoifungua nilienda kuchungulia, nikamuuliza kama fundi kwa fundi: abiria wakitia sarafu nyingi, inafika mahali inashiba ikaanza kutoa?

"Dogo, hii siyo ng'ombe. Inashibaje?"

"Lakini treni ikiondoka..."

"Haijui treni. Haijui hata kama wewe ndiye yule wa jana. Kila ukibonyeza inaanza upya, na imepangwa ili mwenye mashine asirudi nyumbani mikono mitupu. Leo unaweza kushinda, sikatai. Ukikaa nayo, inakula." Akafunga kifuniko. "Mimi hata sichezi. Mimi nalipwa mshahara."

Alinijibu kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kubadilisha kioo cha simu, na daftari langu lote likafa. Nilipaswa kuvuka barabara. Mama mdogo alikuwa pale kituoni, anapuliza moto.

Sikuvuka. Nilikaa kimya wiki tatu. Nimejaribu kutafuta sababu yenye heshima na sijaipata. Sikumwogopa mwenye duka, wala sikuwa nimesahau. Niliona aibu kuonekana nimekosea mbele ya mtu mmoja aliyeniita mwalimu. Nikajiambia nitaandika karatasi nyingine iliyo bora, itakayoiondoa ile kanuni polepole bila yeye kushtuka. Nikawa naiandika na kuichana. Nikajiambia pia kwamba zile kanuni nyingine zitamlinda.

Hazikumlinda. Siku moja nilimkumbusha ile ya soda.

"Soda moja, mbele ya mashine iliyoshiba?" alisema. "We uliandika mwenyewe imeshiba. Nikitoka mimi, anaingia mwingine anavuna nilichokisubiri tangu asubuhi."

Hapo nilielewa nilichomfanyia. Mtu anayeamini kwamba mashine iko karibu kutoa, ukimwambia akomee kwenye soda moja anakuona mjinga. Bado sikusema.

Kisha mchana mmoja treni ikaja, na mafiga ya mama mdogo yalikuwa ya baridi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, sahani zimepangwa, sufuria tupu.

"Mama wa wali! Sahani mbili hapa!" aliita mwanamume dirishani.

"Leo hamna, baba."

"Hamna? Kuku wamegoma?"

"Wamesafiri."

"Basi wamepanda daraja la kwanza, maana huku kwetu hatujawaona!"

Behewa zima likacheka, na yeye akacheka nao. Halafu mikono yote ya madirishani ikageukia kwa mwanamke wa kando yake, muuza chapati na maharage, ambaye siku zote alikuwa akiambulia mabaki ya wateja wa mama mdogo. Nilimtazama akiendelea kutabasamu mpaka behewa la mwisho likapita. Kisha akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaelekea dukani.

Nilimwahi mlangoni.

"Mama, usiingie. Haishibi."

"Nini haishibi?"

"Mashine. Nilikosea. Fundi aliniambia."

"Lini?"

Nilifikiria kudanganya. "Wiki tatu sasa."

Alinitazama kama mtu anayetafuta sura anayoijua.

"Wiki tatu unakula kuku wangu, na unaniona ninavyoingia humu."

"Nilikuwa nakuandikia upya, mama, nilitaka iwe..."

"Sikukuomba mwandiko."

Akanipita, akaingia. Nilisikia sarafu tatu zikitumbukia, moja baada ya nyingine, na kile kimuziki cha kuliwa mara tatu. Alipotoka hakununua chumvi. Alivuka reli akaenda nyumbani, na kigoda chake akakiacha pale pale jukwaani.

Hakurudi tena kupika kwa hela yake. Sasa anamkatia vitunguu yule muuza chapati na kumwoshea sahani, na treni ikisimama hainui uso. Nikimwamkia anaitikia. Sijui kama bado anacheza. Haniambii, na sina haki ya kumuuliza.

Mimi sichezi. Mtu akiniuliza namna ya kucheza kwa akili, namwambia mashine haina kumbukumbu, haina zamu ya mtu, na mwisho wake inachukua zaidi kuliko inavyotoa. Akitaka kucheza, atie hela ambayo hata ikipotea hakuna sufuria itakayokaa tupu, kisha aondoke. Wengi hawalipendi jibu hilo, kwa sababu halina siri ndani yake. Na siku hizi nikigundua kwamba nimemwambia mtu jambo lisilo kweli, namfuata siku hiyo hiyo.