Picha Moja Badala ya Kisu

Mdogo wangu alikufa Jumapili asubuhi, na kabla hatujamtia maji polisi walikuwa wameshafika kumchukua. Naanzia hapo kwa sababu kuna watu mpaka leo wanasema siku ile nilipandwa na wazimu hospitalini. Sikupandwa na wazimu wowote. Nilikuwa na hasira, basi, na hasira zangu si jambo la kificho Kariakoo. Nimeuza nyanya na vitunguu pale sokoni nusu ya umri wangu. Asiyenijua amuulize mtu yeyote aliyewahi kunichezea mizani.

Ilikuwa miaka ile ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, unga wa njano foleni, na Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yanakatazwa barabarani ili kubana petroli. Mdogo wangu alikuwa ameolewa na kijana wa Kilimanjaro mwenye kiduka cha vipuri vya baiskeli. Alisilimu ili amuoe, akajifunza kusali, akajifunza hata kula pweza huku amefumba macho, na sisi tukimcheka. Mama yetu, mtu wa pwani tangu mababu, alimpokea kwa adabu lakini hakumpa moyo wake wote.

Usiku wa kuamkia siku ile wapangaji wenzao waliwasikia wakigombana. Asubuhi mdogo wangu alishika tumbo, akaanguka uani akienda msalani, akafa mikononi mwa mumewe kabla hawajapata gari. Sisi tukambeba mpaka kwa mama, mtaa wa pili, tumuandae. Kumbe huku nyuma wapangaji wameenda kwa balozi wa nyumba kumi, balozi kaenda kituoni, na shemeji yangu kakamatwa na msuli wake kiunoni, hata shati hakupewa nafasi ya kuvaa. Wapangaji walisema amempiga mkewe teke la mbavu za kushoto.

Polisi aliyekuja kwa mama alikuwa mtu mpole, simsingizii. Alivua kofia, akampa pole, akamwambia kwamba maiti lazima apelekwe hospitali kubwa akapasuliwe, ijulikane kilichomuua.

Aliposema kupasuliwa, mama alisimama. Nyinyi hamumjui mama yangu. Baba yetu alidondoka kazini bandarini sisi tukiwa wadogo, wakampasua, wakaturudishia ameshonwa kwa uzi mnene kama gunia la mkaa. Walipokuwa wanamuosha maji yaliingia kwenye mshono, na mama, aliyekuwa nyuma ya pazia, aliyasikia. Toka siku hiyo alikuwa akisema yuko radhi afukiwe pamoja na watoto wake wote kwa siku moja, kuliko mmoja wao kufika kaburini amekatwa. Alinishika kiganja akakibana mpaka vidole vikafa ganzi.

"Nenda naye," akaniambia. "Nirudishie mwanangu mzima."

Nikamwambia nitamrudisha mzima. Ningesema nini kingine?

Tulimpakia kwenye pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa nazi, amezungushiwa shuka na kanga, nimempakata kichwa. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Kila tulipodunda nilimshika vizuri na kumwambia vumilia, kana kwamba ananisikia. Polisi alikaa mbele na dereva.

Hospitalini tulimkuta daktari kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimvaa hapo hapo mlangoni. Nilimwambia mengi, mengine siwezi kuyaandika, lakini kiini chake ni kwamba akitaka kumkata mdogo wangu aanze na mimi. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia. Halafu, badala ya kunifukuza, akanivutia kiti.

Aliniambia kwamba alikosomea, huko nje, aliwahi kuona maiti akipigwa eksirei kabla ya kukatwa, na mara mojamoja picha ikatosha na kisu kikawekwa kando. Hapa kwetu hakuna anayefanya hivyo. Lakini kama tuhuma ni teke la mbavu, picha itaonyesha mbavu. Zikiwa nzima, na hakuna kingine kibaya kinachoonekana, yuko tayari kuwaandikia polisi kwamba hakuona dalili ya kipigo, na lawama ataibeba yeye. Akamtazama polisi. Polisi akasema yeye anachotaka ni neno la daktari, namna ya kulipata si kazi yake.

Jamani, nilitaka kumbusu mikono yule kijana. Kisha akasema kuna tatizo. Filamu za eksirei zilikuwa hazipatikani kama vile sabuni ilivyokuwa haipatikani. Kabatini imebaki moja kubwa, nayo inatunzwa kwa ajili ya majeruhi watakaoletwa. Mtu hai.

Nilipiga magoti. Mimi, ambaye sijawahi kumpigia magoti hata mume wangu. Nilimwambia nina mama nyumbani, na huyo naye ni mtu hai. Aligeuka, akaenda kuitoa ile filamu.

Mpiga picha alikuwa mzee wa makamo mwenye kofia ya viua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akampa maiti salamu yake, nami moyo ukatulia kidogo. Nikamwomba asimfunue. Mdogo wangu ni mwanamke, hajaoshwa, na mikono ya wanaume wasiomhusu haijamgusa. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, nguo si kitu kwa mashine ile, atampiga hivyo hivyo alivyofungwa. Aliuliza swali moja tu, kama ana kitu chochote cha chuma mwilini, cheni, bangili, pini za nywele. Nikamwambia hana. Nilimvua mwenyewe kila kitu kwa mikono yangu, hata hereni ambazo ni kama alizaliwa nazo, maana alitogwa akiwa na siku saba. Mzee akaridhika. Tukatoka nje ya mlango, mashine ikanguruma, ikanyamaza.

Tukangoja filamu ioshwe. Kwenye ile benchi niliomba dua zote ninazozijua, nilipozimaliza nikazirudia.

Aliileta ingali inachuruzika maji, daktari akaiinua dirishani. Mbavu zilionekana, nyeupe, zimepangana vizuri, na mimi nikaanza kusema alhamdulillahi. Sikuimalizia. Upande wa kushoto, juu ya mbavu, ulikuwepo mkasi. Mkasi mkubwa wa fundi cherehani, umeachama mdomo, mweupe kuliko mifupa.

Polisi alirudisha kofia kichwani, na ule upole wake ukafunikwa humo. Akasema kuna kitu tumboni mwa huyu mwanamke. Mimi nilirudi chumbani, nikapenyeza mkono chini ya shuka, na nikaugusa pale pale, umefungwa kwa kipande cha kanga kuzunguka kiuno.

Nikajua mara moja. Kwetu maiti akisubiri kuoshwa huwekewa chuma juu ya tumbo lisivimbe. Kisu, pasi, chochote kizito. Shangazi yetu alikuwa fundi cherehani. Mimi nilipokwenda kubadili nguo aliweka mkasi wake wa kazi, na aliposikia mtoto anapakiwa kwenye gari akaufunga kwa kanga usije ukaanguka njiani. Kisha akamfunika shuka. Hakuniambia, na kwa nini aniambie? Ni jambo linalofanywa kila siku, halitangazwi. Alikuwa anamtunza mtoto wa kaka yake. Yale mashimo ya barabarani ndiyo yaliyousukuma ukapanda, ukalala upande, juu ya mbavu zile zile zilizokuwa zinatafutwa.

Niliufungua nikautoa nikawaonyesha. Nikawaeleza, polisi akaelewa, maana kwao Rufiji wanafanya vivyo hivyo. Nikasema haya, sasa tumpige nyingine.

Daktari alinichukua mpaka kwenye kabati akalifungua. Tupu. Nikamwambia tumpeleke hospitali nyingine. Akasema kwingine kote chumba cha picha kimefungwa, ni Jumapili, na hata kingekuwa wazi hana uhakika kama wana filamu. Nikamwambia basi ahesabu kwamba mbavu zilizoonekana zinatosha. Akasema zilizoonekana ni za kulia. Walizozisema majirani ni za kushoto, na hapo panaonekana mkasi tu. Nikamwambia nambeba mdogo wangu naondoka naye. Polisi akaenda kusimama mlangoni, bila ubaya, akasimama tu.

"Dada," daktari akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba. "Sina picha nyingine. Nimebaki na kisu."

Kama kuna saa niliyotamani kufa ni ile. Nilimtukana. Nilimtukana shangazi ambaye hayupo, nikamtukana shemeji yangu, nikawatukana wapangaji na masikio yao. Kisha nikachoka. Nilimwambia kitu kimoja, asimwachie mtu mwingine kumshona. Akaapa atamshona mwenyewe. Wakamsukuma kwenda ndani, mlango ukafungwa, nami nikakaa kwenye ngazi za saruji nje ya mochwari, mkasi wa shangazi mapajani, jua likinichoma utosini na sina haja ya kusogea.

Alipotoka alikaa kwenye ngazi pembeni yangu. Aliniambia mdogo wangu alikuwa na mimba changa, imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija, ikapasuka na damu ikajaa tumboni. Mbavu zote nzima. Hakuna aliyempiga teke. Shemeji yangu ataachiwa kesho asubuhi. Halafu akasema jambo ambalo sikumuuliza, nadhani lilikuwa linamsumbua: hata picha ingetoka safi, isingemwonyesha mimba ile wala ile damu. Angeandika hakuona kipigo, na kilichomuua kisingejulikana, na majirani wangeendelea kumwita mumewe muuaji.

Nilijua nilipaswa kumfurahia shemeji yangu. Sikuweza. Nilichoweza kufikiri ni mama amesimama mlangoni ananisubiri.

Saa nane ilishapita, pikapu ya nazi imekwenda zake. Wanaume wa mtaani walikuja kwa miguu na jeneza la msikitini, wakamtwika. Sisi wanawake hatufuati jeneza, lakini siku hiyo hakuna aliyethubutu kuniambia nirudi. Tulishika mtaa wa Msimbazi, barabara ikiwa nyeupe, hakuna gari, wenye maduka wamesimama vibarazani. Nilitembea nyuma nikitunga maneno. Niliyatunga na kuyatupa mpaka tukafika.

Uani kwa mama kila kitu kilikuwa tayari. Kanga zimetundikwa kuzunguka pande zote, ufuo umechimbwa kupokea maji, ndoo zimejaa, na mama amejifunga kibwebwe, mikono ya gauni ameipandisha. Yeye ndiye aliyekuwa aanze kumuosha. Walipomlaza nyuma ya pazia nilimpa shangazi mkasi wake, kisha nikamzuia mama njia. Nikamwambia akae, amechoka, tutamuosha mimi na shangazi.

Mama alinitazama usoni.

"Wamempasua," akasema. Hakuwa anauliza.

Yale maneno yote niliyoyatunga njiani yaliniruka. Nikamwambia ndiyo. Nilingoja anipige, na ningeshukuru. Aliuliza wameona nini. Nikamwambia yote, mimba, mrija, damu, kwamba mkwe wake hakumgusa. Akakaa kwenye kigoda, akakunja kanga yake magotini na kuikunjua.

"Kwa hiyo alikuwa na mtoto," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mtoto yuko wapi?"

Sikuwa nimeuliza. Katika kulia kwangu kote na kutukana kwangu kote, sikuuliza. Nikatoka mbio, bila viatu, bila hata kufunga kanga vizuri, nikairudia ile barabara nzima kwa miguu. Watu waliniita, sikugeuka.

Mochwari ilikuwa imefungwa. Daktari alikuwa ameshaondoka. Mlinzi aliniambia kwa huruma kwamba walichokitoa kimetiwa kwenye chupa kwa ajili ya polisi, kama ushahidi, na chumba kilipowekwa kina kufuli, mwenye funguo ni mpaka Jumatatu. Nikamwambia ni mtoto. Akasema anajua, mama, lakini funguo hana. Niliugonga ule mlango mpaka viganja vikavimba, naye akaniacha niugonge.

Niliporudi jua lilikuwa limeshuka, wanaume wako barazani wanaulizana kama magharibi itawakuta. Shangazi alikuwa ameshamaliza kumuosha na kumkafini, ubani unafuka uani kote. Mama alikuwa bado kwenye kigoda. Kwenye ile bafta ya sanda, iliyopatikana kwa shida na kibali, alikuwa amekata kipande kidogo, hakizidi leso, amekitandaza mapajani na kukitia matone ya marashi. Aliponiona nimeingia, alininyooshea mikono yote miwili nimpe.