Tundu Katika Ua la Korosho

Shali ilikuwa mabegani mwangu mume wangu alipoikata. Nilikuwa nimetoka harusini Maple Grove, mji jirani huku ughaibuni, nilikokwenda bila ruhusa yake, na hata viatu sijavua. Alinikamata nywele, akanibamiza kwenye mlango wa kabati, akachukua mkasi wa jikoni. Mkasi ulipita kwenye shali, ukapita kwenye gauni, ukaingia begani. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu yake, na mpaka leo sijajuta.

Shali ile ya Kashmiri nilipewa na mama siku ya harusi yangu. Ilikuwa imetariziwa yale maua ambayo sisi watu wa pwani tunayaita korosho. Mama alikuwa karibu kuja kututembelea, nami sikutaka aione imechanika. Nikateremka nayo kwa jirani yetu wa ghorofa ya chini hapo Fridley tulikokaa, mama wa Kikashmiri ambaye baba yake alikuwa fundi wa kutililia shali, kuziba matundu kwa sindano na uzi, huko kwao.

Alitazama shali, akatazama namna nilivyouweka mkono wangu, hakuuliza. Alichomoa nyuzi kwenye pindo la shali ileile, maana uzi wa dukani, alisema, hujichongea wenyewe. Akapitisha sindano juu ya uzi mmoja, chini ya mwingine, akiufuata mfumo wa kitambaa, mpaka tundu likazibika. Kisha akalitarizi upya lile korosho, mbele na nyuma, kwa sababu shali nzuri haina upande wa ndani. Nyuzi zilizokatika aliziacha chini ya ua. Damu yangu ilikuwa imezikaukia, ikakataa kutoka, na kuzisugua kungeharibu kitambaa.

"Sasa huwezi kupaona," aliniambia. "Fumba macho, upapase."

Nikapapasa. Palikuwa pagumu kidogo, kama kovu.

Mama akaja, akaondoka, hakujua lolote. Mume wangu naye akajifunza kunipiga mahali nguo inapofunika. Nilipodai talaka akakataa, basi nikaomba kikao. Wakaja wazee watatu wa kwetu, mmoja wao ami yake, wakaketi sebuleni wakanywa chai yangu. Nikawaeleza habari ya mkasi.

Mume wangu akaingia chumbani, akatoka na shali. Mtu huyu!

"Wazee, mke wangu ana stress. Ana-work double kila wiki, hata halali. Shali ndiyo hii. Nimeikata wapi?"

Shali ikazunguka. Waliigeuza huku na huku, mmoja akavaa miwani, akaisogeza dirishani.

"Mwanangu," ami yake akaniambia kwa upole, "mbona shali ni nzima?"

Hasira ilinipanda hadi masikio yakavuma. Mficha uchi hazai, wasemavyo, lakini bega langu singelifunua mbele ya wanaume watatu, na mume wangu alilijua hilo vizuri. Alikuwa akitabasamu. Nilitamani kummwagia birika la chai usoni.

Nikaichukua shali. Nikafumba macho, nikapapasa korosho moja baada ya jingine mpaka nikapakuta. Nikachomoa pini ya mtandio wangu, nikaitia chini ya tarizi, nikavuta. Uzi wa kwanza ulikatika. Wa pili ulitoka mrefu, na baada ya hapo nikawa nararua tu, kwa pini na kwa kucha, kazi yote ya jirani yangu ikiniangukia mapajani. Hakuna aliyenizuia. Tundu likafunguka, na kandokando yake nyuzi zilikuwa za kahawia.

Nikamkabidhi ami yake. Alipitisha kidole upande wa pili, akakitazama, akazigusa zile nyuzi zilizokaukiwa na damu.

"Ilikuwa mwilini mwake?" akamwuliza mume wangu.

Mume wangu akanyoosha mkono kuichukua shali, ami yake hakumpa.

"Nakuuliza, mkasi uliishia wapi?"

Mume wangu akatazama bega langu. Wazee wote watatu wakamwona anapotazama.

Talaka niliipata palepale, chai haijapoa.