Mwalimu Mkuu Asiyesema Lakini

Ukuu wa Shule ya Vikmo ulimpata Lorna Skjerven kama mafua: alikuwa amekaa karibu. Mkuu wa zamani alihamia Arizona kufuata jua, walimu wengine sita wakatazama viatu vyao, na Lorna, mwalimu wa hesabu, akakohoa. Akawa kaimu. Hiyo ni miaka mitatu sasa, na Dakota Kaskazini hawamwachi mtu akaimu milele. Jimbo lilimwandikia kwamba asipopata shahada ya uzamili ya uongozi wa shule kufikia mwisho wa Mei, kiti atapewa mwingine. Huyo mwingine hakuwapo popote, jambo ambalo barua haikulitaja.

Basi kila Jumamosi aliendesha gari saa mbili nzima hadi chuo kikuu, akakaa darasani na wakuu wenzake kumi na mmoja, pamoja na mabwana wawili waliokuwa wakisomea usimamizi wa shule za wilaya nzima na ambao tayari walishavaa tai za kazi hiyo. Mhadhiri wao, Dakta Wendell Kappes, alikuwa mtu mwema mwenye sheria moja aliyoipenda kupita kiasi. Mkuu akizungumza na mwalimu baada ya kumwona akifundisha, ni marufuku kutamka "lakini". Ukimsifu mtu kisha ukaweka lakini, alisema, sifa zote zinamwagika. Weka "na".

Lorna akafanya mazoezi kwa mumewe, Duane. Mezani alimwambia kwamba ameosha vyombo vizuri sana, na sufuria bado ina mabaki ya viazi. Duane akaomba arudishiwe lakini yake ya zamani, maana alipokuwa akigombezwa kwa hiyo alau alielewa.

Mtihani wa mwisho ulikuwa Machi. Dakta Kappes angekuja Vikmo mwenyewe, akae kwenye kona ya ofisi, amsikilize Lorna akizungumza na mwalimu baada ya somo. Akifaulu hapo, shahada ni yake. Dakta alichagua jina la mwalimu kutoka kwenye orodha, bila kujua analochagua: Bi. Ardis Tveit, darasa la pili, miaka arobaini na moja kazini. Ndiye aliyemfundisha Lorna kusoma.

Asubuhi ya mtihani Lorna alijikunja kwenye kiti cha watoto nyuma ya darasa, akaandika kila alichokiona. Somo lilikuwa la kusoma saa, na lilinoga, Bi. Tveit angeweza kuifanya hata mishale ya saa iwe umbea. Ila katikati ya somo Lorna aliona jambo lililomkata maini. Watoto wa nyuma walikuwa wakijibu, na Bi. Tveit hakuwasikia. Wale wa mbele walikuwa wamezoea kuyapokea majibu ya wenzao na kuyarudia kwa sauti kubwa, kwa adabu zote, bila hata kucheka. Mtoto mmoja tu hakuwa na wa kurudia majibu yake.

Mapumziko ya mchana yalipofika, wakakaa ofisini, Dakta kwenye kona na fomu yake. Lorna alisifu saa, ubao na utulivu wa darasa. Kisha akaingia kwenye "na". Na watoto wa nyuma wangependa kushiriki zaidi, na labda viti vipangwe duara, na sauti ni jambo muhimu. Alizunguka weee, huku moyoni akijionea aibu.

Bi. Tveit akavua miwani.

"Lorna mwanangu, unanizungusha. Unataka kusema nini?"

"Nasema tu kwamba, na pia..."

"Na, na, na. Mimi nilikufundisha 'lakini' ukiwa huna meno ya mbele. Hebu itoe."

Lorna akamtazama Dakta. Dakta akatazama fomu. Barua ya jimbo ikampita kichwani, na Mei, na zile Jumamosi zote. Potelea mbali, akajiambia.

"Unafundisha kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona," akasema, "lakini husikii, Mwalimu. Wa nyuma huwasikii kabisa."

Bi. Tveit akauliza ni nani hao.

"Wengi wanasaidiwa na wa mbele. Thea Brekke hana wa kumsaidia. Leo amejibu mara kumi na moja."

"Thea? Thea huwa hajibu kitu. Nimewaandikia wazazi wake hivyo."

"Anajibu, Mwalimu. Na yote kumi na moja yalikuwa sahihi."

Bi. Tveit hakujitetea. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa mkono wa sweta, akakiri kwamba kuna daktari wa masikio amemkwepa miaka miwili kwa majivuno tu, na kwamba Ijumaa ataenda. Kisha akasimama. Dakta Kappes akakumbusha kwa upole kwamba kwa mujibu wa fomu bado kuna sehemu ya malengo.

"Lengo langu liko uwanjani linacheza," akasema Bi. Tveit, akatoka bila koti.

Dakta akaandika kwamba neno lililokatazwa limetumika mara moja. Lorna aliliona hilo, akaanza kupanga atakavyomwambia Duane. Dakta akaendelea kuandika, kisha akamgeuzia fomu aweke sahihi. Chini kabisa palikuwa na neno moja: amefaulu. Akamwomba tu, kama si taabu, Jumamosi asiwasimulie wale mabwana wenye tai.

Wakasogea dirishani. Bi. Tveit alikuwa amepiga magoti kwenye theluji mbele ya Thea, sikio karibu kabisa na mdomo wa mtoto, akimuuliza upya maswali ya asubuhi, moja baada ya jingine. Muda wa mapumziko ulikuwa umekwisha. Lorna alisimama na kidole kwenye kitufe cha kengele, na hakukibonyeza mpaka yote kumi na moja yalipojibiwa.