Kidole Kilichobaki Kwenye Msumeno

Muuguzi mmoja alikuwa na sharti moja ambalo hakumlegezea mtu: maumivu huulizwa mgonjwa mwenyewe, na anayetaka kumjibia atoke nje kwanza. Alizungukia nyumba za wagonjwa wa saratani ambao hospitali haikuwa na la kuwafanyia tena. Alimtaka kila mmoja aonyeshe maumivu yake kwa vidole, kuanzia sifuri hadi kumi. Mitaani wakamwita Sista Vidole.

Wiki ya tathmini ya huduma ilimkuta kwa seremala mzee, saratani imeshafika kwenye mifupa. Mwanawe mkubwa alimpokea mlangoni, kifua mbele.

"Baba hajambo, sista. Andika mbili. Watu wa ofisini wasije wakasema tunamtesa mzee."

"Hiyo mbili ni yako au yake?"

"Mimi ndiye mkubwa hapa."

"Haya, mkubwa, kasimame uani."

Kijana akasonya, lakini akatoka.

Chumbani shuka lilikuwa limekunjamana upande mmoja tu, pale mzee alipozoea kuling'ang'ania. Sista akaketi ukingoni mwa kitanda, akauliza. Seremala akainua vidole vyote vya mkono wa kulia, kisha mkono wa kushoto, wenye vidole vinne.

"Tisa, baba?"

"Kumi, mwanangu. Kimoja nilikiacha kwenye msumeno." Akacheka, maumivu yakamkata. "Nakaza meno hawa wasinisikie."

Sista akaandika: vidole tisa, kasema kumi. Kwenye kisanduku cha fomu ya tathmini akajaza kumi. Siku hiyohiyo daktari akaisoma fomu, akaongeza morfini ya kutuliza maumivu.

Msimamizi wa huduma naye akaisoma, akamwita Sista.

"Dada, umetuharibia wastani. Nyumba zote ni mbili, tatu, wewe unaniletea kumi! Tena ya vidole tisa! Huku ni kughushi. Weka tatu, yaishe."

"Hizo mbili na tatu kazisema nani? Wenzangu wanaishia sebuleni, wanajibiwa na watoto."

"Wastani ndio utakaotuweka kazini, dada."

"Wastani hauumwi, bosi. Seremala anaumwa."

"Nakuamuru ubadilishe."

Sista akaisukuma fomu mezani, akaweka kalamu juu yake. "Badilisha wewe, kisha utie sahihi yako hapo chini."

Msimamizi akaitazama ile kalamu. Hakuishika.

Seremala alifariki siku ya kumi na moja tangu aongezewe morfini. Jana yake, kabla hata hajaulizwa, aliinua vidole viwili, shuka likiwa limenyooka pande zote.

Wiki iliyofuata Sista Vidole alipewa barua: ameghushi takwimu, ameondolewa kwenye kazi ya majumbani. Alipelekwa stoo ya hospitali kugawa mashuka. Alikaa huko miaka sita mpaka akastaafu, na hakuna mgonjwa mwingine aliyemwonyesha vidole.