Wingu la Ntalikwa Lisilosogea

Bibi yangu hufunika kioo radi zikianza. Hukitupia kanga, huzima redio, kisha hukaa mkekani na kunyamaza. Nimekulia ndani ya ukimya huo, pale Ntalikwa, na hata sasa nikiwa nimepanga chumba Gongoni, mjini Tabora, ngurumo ya kwanza hunifanya nitafute kanga.

Siku moja nilikwenda kwake kupiga picha za anga. Mimi na wenzangu tulikuwa tukiubadilisha mchezo wa kompyuta wa malori. Tulishachora barabara ya Tabora hadi Usoke, njia ya wapagazi wa kale na pembe zao za ndovu mabegani, lakini juu yake lilibaki anga la ugenini, la buluu baridi, lisilojua vumbi. Anga la mchezo ni sanduku. Dereva yumo katikati, na ndani ya kuta zake zimebandikwa picha: nne za kumzunguka, moja ya utosini, moja ya chini. Zote hupigwa ukiwa umesimama mahali pamoja, upesi, kabla mawingu hayajasogea. Ukichelewa, kingo hazikutani, na anga linaonyesha mshono.

Mchana ule wingu lilipanda kutoka magharibi, jeusi tumboni, lenye rangi ya shaba ukingoni. Nikasimamisha stendi ya kamera katikati ya shamba la karanga. Ilikuwa ya chuma, ndefu kuliko kila kilichoota pale. Hilo nililiona nikiwa nimeshapiga picha kadhaa, vinyweleo vya mikono viliponisimama. Nikataka kukimbia. Lakini wingu lile halingerudi.

"Mume wangu," bibi aliita toka mlangoni, "hicho chuma unamsimamishia nani?"

"Bado kidogo, bibi."

"Hicho kidogo njoo ukimalizie ndani."

Nikageuza kamera upande wa mwisho. Nilipoinua macho, alikuwa anakuja kati ya matuta, polepole, kwa magoti yake mabovu, kanga ya kioo mkononi. Hofu yangu ikahama. Sasa tulikuwa wawili tuliosimama wima katika shamba lile tupu, na mmoja wetu hakuweza kukimbia.

"Rudi, bibi. Nakuja."

"Ukifa wewe nitaolewa na nani? Wanaume wa hapa wamebaki vibogoyo."

Hakucheka. Akaifunika kamera kwa kanga, akanishika mkono. Nilitaka kumbeba, akakataa. Basi nikaufuata mwendo wake, nikisikia utosi wangu ukiwa wazi, kama jicho lisiloweza kufumba.

Tulipovuka kizingiti, pakawa peupe. Radi ilipiga mninga wa mpakani, ikauchana toka juu hadi mizizini. Tuliketi mkekani tumeshikana mikono.

Picha ya utosini sikuipiga kabla ya radi. Niliipiga mvua ilipokatika, anga likiwa limeoshwa, na mshono unaonekana. Wenzangu wananihimiza niurekebishe.

Kazi ilipokamilika nilimpelekea bibi kompyuta, akalitazama wingu lake juu ya barabara ya Usoke. Lori likaenda, likaenda, wingu likabaki palepale.

"Mbona halisogei?"

"Halisogei, bibi. Hivyo ndivyo linavyokaa."

"Basi radi yake bado imo humo."

Akavua kanga begani, akaifunika kompyuta taratibu. Sikuifunua mpaka nilipofika Gongoni, na hata hapo nilingoja kwanza.