Mke Mwenza wa Mabati

Mume wangu Wanzala ana wake wawili. Wa kwanza ni stesheni. Mimi Kavetsa nilikuja nyuma, ingawa kanisani niliambiwa niko peke yangu.

Huyo mwenzangu wala si mzuri. Ni vyumba viwili vya mawe na paa la mabati, kando ya reli hapa Kibera, chini kidogo ya Mashimoni. Wanzala husema alijengwa enzi za Wazungu ili treni zishushe makaa na mahindi. Alipoajiriwa hapo akiwa kijana, kazi yake ilikuwa kushika bendera na kugonga kengele, yaani kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya mlangoni. Akikigonga, watu wa Kambi Muru walijua mizigo imefika, wakaja mbio na mikokoteni. Nami nilipomwona Wanzala mara ya kwanza alikuwa amesimama pale na bendera yake ya kijani, kofia imekaa upande, nikapenda. Sikujua kwamba tayari ana mwenyewe.

Siku uchungu wa kumzaa Bridgit, kifungua mimba wetu, uliponishika, treni ya mizigo ilikuwa inangojwa. Wanzala aliniitia jirani, kisha akakimbilia huko. Krismasi, huko. Magunia yalipohamia kwenye malori na stesheni ikafungwa, nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilishukuru mapema mno. Yeye aliendelea kwenda, hana mshahara wala bosi, anafagia sakafu isiyokanyagwa na mtu, na treni ya abiria ikipita bila kusimama anaiinulia mkono. Mimi nikirudi kutoka kuuza mboga sokoni, kikapu cha mrenda kichwani, siinuliwi mkono na mtu.

"Mathe, kwani unaonea wivu mabati?" Bridgit hunicheka.

"Naonea. Na uache kunichekea hapa."

Kilichonichoma zaidi ni nyumba. Kwa mboga zangu nilijenga kwao Wanzala, Samia, nyumba ya matofali, bado mlango tu. Nilitaka nikazeekee kule, nipande mihogo, nipumue. Lakini kwao mke haruhusiwi kulala katika nyumba mpya kabla mumewe hajalala humo kwanza. Nikikiuka na Wanzala akaugua hata mafua, wakwe watasema ni mimi nimemwitia kifo. Basi nyumba yangu ikawa inaota majani huku nikimbembeleza mwanamume akalale usiku mmoja tu.

"Mwezi ujao, mama Bridgit," alikuwa akisema. "Nikienda saa hii, nani atafagia pale?"

Mwaka huu wenye reli wakaja na rangi, wakachora X nyekundu ukutani. Hakuna mtu wa Kibera asiyejua kwamba hiyo ni alama ya kubomolewa. Nilipiga vigelegele moyoni, nikapita kwa Rosebella anayefuga, nikanunua kuku. Ndiyo, nilisherehekea. Mwenzangu anakufa, kwani nilie?

Nikampakulia Wanzala ugali na kuku, firigisi juu kabisa, heshima ya mwenye nyumba. Alinawa, akamega ugali, akauchovya kwenye mchuzi, kisha akabaki akiutazama. Firigisi aliiacha. Mluhya kuacha firigisi! Hakuiacha hata wiki aliyomzika babake. Hapo wivu ukaniwaka upya, kwa sababu nilijiuliza: nikifa mimi, ataiacha?

Asubuhi tingatinga lilikuja. Sikwenda kuangalia. Nilikaa nyumbani nikichambua mrenda, nikisikia kuta zikianguka. Adhuhuri mkokoteni ukasimama nje, na Wanzala akaingia amejaa vumbi hadi kwenye kope.

"Mama Bridgit, funga vitu. Twende Samia. Nitalala kwa hiyo nyumba yako."

Maneno niliyoyangoja miaka yote. Nilikuwa nimeshanyanyuka kumkumbatia nilipoona kilicholala kwenye mkokoteni. Mlango. Mbao nzito, rangi ya kijani imebanduka, kitasa kinang'aa kwa kushikwa. Niliujua mlango huo kuliko nilivyotaka.

"Na huyu anaenda wapi?"

"Si fundi alisema nyumba imebaki mlango? Nimewaomba, wakanipa."

Macho yake yalikuwa mekundu, na vumbi peke yake halifanyi hivyo. Kwa hiyo ndiyo hivyo: usiku wa kwanza mume wangu atalala naye kwenye nyumba yangu, ya mboga zangu, na mimi niko nje nangoja zamu. Nilitaka kumwambia akauweke chooni.

"Ufunguo uko wapi?" nikauliza badala yake.

Akautoa mfukoni, ule ufunguo mrefu wa chuma ambao umekaa kwenye suruali zake tangu ujana. Sijawahi kuushika. Nikanyoosha mkono.

"Lete hapa. Aje tu. Lakini kila jioni nitamfunga mimi, na wewe utakuwa upande wa ndani."